Fidla ya Wimbo wa Nne

Albamu ile niliinunua kwa ubishi tu. Redio za London zilikuwa hazina habari nyingine ila tuzo iliyoipata: mwimbaji wa Kimarekani anayejitungia nyimbo mwenyewe, muziki wa bluegrass, ule wa mashambani kwao, banjo na mandolini. Nilitaka kujua kelele zote zile ni za nini. Wimbo wa nne ulipofika kwenye fidla, mama akaacha kumenya vitunguu.

"Hebu rejesha," akaniambia. "Huyu anapiga kama baba yako."

Baba alikuwa mpiga fidla wa taarab Unguja kabla hatujahamia Ilford, pembeni mwa London. Alipofariki alituacha na picha tele, lakini hakuna aliyewahi kumrekodi. Mama alikuwa ameanza kuisahau sauti ya fidla ya baba, na hilo lilimtisha kuliko maradhi yake ya moyo. Basi akawa ananiwekesha wimbo ule asubuhi na jioni, mpaka nikauchukia.

Mwimbaji alipokuja London, nikakata tiketi mbili za onyesho la mchana. Mama alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, basi zima likatugeukia. Ukumbini watu walikaa kimya utadhani wako msibani. Fidla ilipoingia kwenye wimbo wa nne, mama akainuka. Nikamshika mkono, akajichomoa. Akashuka ngazi kwa madaha, noti ya pauni kumi ameinyanyua juu, kama wanawake wa kwetu wanavyokwenda kumtunza msanii. Mama hakumtazama mwimbaji hata kidogo. Aliiweka noti miguuni pa mpiga fidla, mzee mwenye ndevu, naye akatabasamu huku akiendelea kupiga. Nilitamani ardhi ipasuke. Tena nilimwonea mama wivu.

Tulipokuwa tunatoka, msichana wa ukumbini akatukimbilia na ile noti. Mpiga fidla ameshukuru sana, akasema, lakini hawezi kuchukua pesa za bibi. Nikamfasiria mama, na nilimkasirikia yule mzee kwa wema wake.

Mama na baba walijuana kwa kutunza hivyo hivyo. Noti mama aliyompa jukwaani usiku wa kwanza, baba hakuitumia. Alikuja nayo huku Ilford, ndani ya pasi yake ya kusafiria.

Mama akaikunja noti mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

"Basi si yeye," akasema.

Tangu siku ile hajaniambia tena nirejeshe wimbo wa nne. Ninauweka mwenyewe, akiwa ametoka.