Foam chini ya screed: chumba nilichomjengea Mama hapa Wiyoni

Wakuu, asalam aleikum, mlio site na mlio ofisini mnaojifanya mko bize.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Lamu na sitii chumvi. Asiyeamini aje aone sakafu.

Mama yangu anakaa Mkomani, juu ghorofani, kwenye nyumba ya kale ya familia. Magoti yamechoka na zile ngazi zetu mnazijua, kila kidato kinafika gotini. Ameshaanguka. Nikaamua kuongeza chumba nyumbani kwangu Wiyoni, cha chini, ahamie.

Mama hataki. Kila nikimwambia anajibu, "In shaa Allah," na wakuu, In shaa Allah ya mama yangu nimeizoea. Maana yake ni hapana.

Sasa mimi nimefanya kazi Limuru miaka mingi. Kule kila anayejenga vizuri anaweka shiti za foam juu ya slab, lile zege la chini, halafu screed, yaani saruji laini ya kumalizia, ili sakafu isikuume miguu kwa baridi. Nikasema mama yangu hakosi kitu kizuri. Nikaagiza.

Shiti zikafika Mokowe, upande wa bara, zikavushwa kwa boti. Kufika Wiyoni watu wakaniuliza kama nimeanza biashara ya samaki, maana foam hapa tunaijua ya kuwekea barafu tu 😂

Bwana Athmani, fundi wangu, alikuwa ameshatandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu na kumwaga slab juu yake. Bati pia lilishapanda. Kilichobaki ni uamuzi wangu: foam au screed moja kwa moja?

Nikamleta Mama aone, nikitumaini roho italainika. Jua la adhuhuri, watu tumefunga, midomo mikavu. Nikalaza shiti mbili, nikatandika mkeka juu yake, nikamwambia ajinyooshe.

Akalala kidogo. Akageuka. Akaketi.

"Hapa sipati usingizi, mwanangu. Hili yua lote la mtana la Ramadhani, talala wapi?"

Akauvuta mkeka mpaka kwenye slab tupu, akajilaza ubavu. Kisha akautoa kabisa, akaweka shavu pale pale kwenye simiti.

Wakuu, nikachuchumaa kando yake.

Nilimwona miaka ile. Saumu ikitukaza, sisi watoto tunavua mashati na kulala kifudifudi kwenye sakafu ya chokaa, tumepangana kama samaki sokoni. Baba, Allah amrehemu, naye yuko hapo hapo, kofia kaifunika usoni. Mama anapita akituruka mmoja mmoja, anacheka kimya kimya asituamshe. Ubaridi ule ndio ulikuwa maji yetu mpaka magharibi. Natamani niurudie mchana mmoja tu wa namna ile.

Na mimi nilitaka kumzibia ubaridi huo kwa foam!

Limuru unaikimbia baridi ya ardhi. Lamu unaitafuta. Nailoni ikae, izuie unyevu na chumvi isipande, lakini ubaridi uachiwe njia. Bwana Athmani akapiga screed kwa mchanga wa bara, si wa ufuoni wenye chumvi, akailainisha vizuri. Foam haikutupwa, tuliipandisha juu chini ya bati, na huko imefanya kazi kweli kweli.

Screed ilipokomaa nikamrudisha Mama. Akavua ndara mlangoni. Akasimama katikati akizungusha unyayo taratibu kama anayetafuta sindano.

Akalala chini, akapitiwa na usingizi. Mimi na mke wangu tukakaa barazani tunaogopa hata kukohoa.

Adhana ya alasiri ikamwamsha. Akatuita.

"Nendani mukaniletee kasha langu."

Anayejua mama wa Kiamu na kasha lake la vitu vya thamani, ambalo halihami ila na mwenyewe, anajua hapo kesi imekwisha. Nililia wakuu, sifichi.

Nilichojifunza: kabla hujauliza ni material gani, muulize atakayeishi humo anaitumiaje sakafu. Mwenzako wa Limuru anatembea na soksi. Mama yangu analala juu yake.

Waliojenga Pwani njooni mtoe maoni, hasa kwenye chumvi ya ukutani, bado inanisumbua. Ila tuandikiane polepole, ni mchana na Mama amelala chumbani kwake.