Tumempa Baba Ubaruku

Baba yangu, Ambrosi, alipasua mbao katika misitu ya Mufindi kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka yote hiyo alileta nyumbani vitu viwili: vumbi la mbao na vitendawili. Vumbi mama alilifagia. Vitendawili vikabaki.

Nyumba yetu iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Nyololo. Baridi ya huku mwezi wa saba haina mzaha. Ikifika saa kumi na moja jioni ukungu unashuka, kuku wanaingia bandani bila kufukuzwa, nasi tunahamia jikoni kwenye moto wa kuni. Tunapukuchua mahindi, tunafukia viazi kwenye majivu, tunavila kwa chumvi na pilipili, na tunategana vitendawili. Starehe yetu ndiyo hiyo. Kaka yangu Aroni, anayeishi Mbeya na kutuonea huruma, alituletea televisheni miaka mitatu iliyopita, nami nikiwa nimekuja kusalimia. Baba akamsalimia mtangazaji, "Kamwene," akasubiri aitikiwe. Alipoona kimya akasema yule mtu hakulelewa, na tangu siku hiyo televisheni imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake pamewekwa saa.

Tulicheka sana siku ile. Leo najua ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani, tukaukaribisha kwa kicheko.

Aliyekulia nchi hii anajua jinsi vitendawili vinavyochezwa. Ukishindwa unaombwa mji, unautoa, unaambiwa jibu, mambo yamekwisha. Kwa baba hayakwisha hapo. Kule kambini msituni, ambako hapakuwa na redio wala mke, wapasua mbao walijiwekea sheria yao: aliyepewa mji lazima auendee. Asimulie alivyosafiri, alichokula, aliyekutana naye, kisha arudi na jibu. Asiporudi na jibu, mji unarudi kwa wenyewe na yeye anachekwa wiki nzima. Sheria hiyo baba aliileta nyumbani na sisi tukalelewa nayo. Nilipokuwa darasa la nne nilimpa Tosamaganga. Alikwenda kwa miguu, akanyeshewa njiani, masista wakampa supu ya kuku, naye akaisifu ile supu mpaka mama akamuuliza kama anataka kufungiwa nguo zake ahamie huko huko. Jibu la kitendawili chenyewe nimelisahau. Supu naikumbuka, na sijawahi kuionja.

Mimi ndiye Bertha, mtoto wake wa mwisho. Nilikuwa fundi cherehani Mbeya, nikarudi miaka miwili iliyopita na binti yangu Mercy, maana mama peke yake asingemuweza. Baba alikuwa ameanza kuficha viatu vyake ndani ya debe la mahindi na kutulaumu kwa wizi. Alikuwa anatoka alfajiri kutafuta msumeno uliouzwa zamani. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Daktari alituambia kwa upole kwamba huo ni ugonjwa wa kusahau, dawa ya kuurudisha nyuma hakuna, kazi yetu ni kumtunza. Nilimkasirikia yule daktari kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na hasira isiyo na wa kumpiga inachosha kuliko kulima.

Lakini jioni, mtu akisema "Kitendawili!", baba alikuwa anarudi. Mgongo unanyooka, macho yanapata mwenyewe. "Tega!" anajibu, na sauti ni ile ile iliyokuwa inatutisha tukiwa wadogo. Kwa saa moja hivi hakuogopa kitu. Mercy alimtania kama mjukuu anavyomtania babu yake: "Mume wangu, leo umevaa koti kinyume, unakwenda kuposa wapi?" Naye anajibu, "Naposa kwa mwenye meno. Wewe unakula kiazi kama bibi yako." Mama anacheka, anamwambia Mercy amchukue mzee wake, yeye amechoka naye. Saa hiyo moja ndiyo nilikuwa naingoja tangu asubuhi. Nilijiambia, vingine vyote ugonjwa uchukue, tutavumilia, ila huu mchezo utuachie.

Nikajitia ulinzi wa mchezo. Nilianza kumtegea vitendawili vyepesi, vya watoto wa chekechea, ili ashinde. Siku ya tatu akanikazia macho. "Unanipa uji mimi? Meno bado iko." Nikaona haya, nikaacha.

Kilichokuwa kinaniudhi ni mama. Tekla, mama yangu, alikuwa mwepesi wa kutoa miji kuliko wote. Zamani alitoa Iringa na Mbeya kwa pamoja ili tu apewe jibu akalale. Sasa, kwa kama mwezi mzima, akawa hakubali kushindwa. Baba akitega, mama anabuni jibu, anabuni jingine, kisha anasema, "Hatujashindwa, baba Aroni. Tunafikiri. Tutakujibu kesho." Kesho yenyewe baba anatega kingine, na cha jana kinapotea. Vilikuwa vitendawili vipya, vya kutunga mwenyewe, tusivyowahi kuvisikia. Nilimwambia mama jikoni, "Mpe mzee mji wake afurahi, ubishi wa nini uzeeni?" Alikuwa anapembua maharage na hakuinua hata kichwa.

Jumamosi moja ya mwezi huo wa saba tulikaa kama kawaida. Baba alikuwa na siku mbaya. Mchana kutwa alizunguka nyumba akiuliza lori la kuwarudisha kambini litafika saa ngapi. Kwa hiyo alipokaa kwenye kigoda na kusema mwenyewe, bila kuanzwa na mtu, "Kitendawili!", tulimpokea kwa shangwe watu watatu kama darasa zima.

"Tega!"

"Nyumbani kwangu wageni wote wanaingia wameinama. Mmoja tu anaingia amesimama."

Kilikuwa kizuri. Mercy akasema ni moshi. "Moshi inatoka, haiingii. Hapana." Mimi nikasema ni baridi. "Hapana." Mercy akasema ni jua la asubuhi. Baba akatikisa kichwa na kucheka kwa dharau, ile dharau tamu ya mtu anayejua. Mama akasema ni njaa. "Njaa! Hapana, mama Aroni, ile inaingia inatambaa." Tukacheka wote. Nilimtazama usoni na sikuona ugonjwa hata chembe. Nilifurahi mpaka nikapata tamaa. Nilitaka safari. Kwa mwezi mzima sikuwa nimemsikia akisafiri hata mara moja, kwa sababu ya ubishi wa mama.

"Mzee, tumeshindwa," nikasema.

"Hatujashindwa," mama akasema haraka. "Tunafikiri."

"Mimi nimeshindwa. Kitendawili kigumu. Baba, nakupa Ubaruku, ukale wali."

Mama alinishika kifundo cha mkono akakibana. Nilidhani ananionea wivu kwa kumpa baba mji mzuri. Mungu anisamehe.

"Ubaruku!" Baba akapiga goti lake. "Nimepokea. Haya, nimetoka hapa na lori ya mbao. Makambako nimekunywa chai, mwenye hoteli ananidai salamu. Nimepita Igawa, koti nimevua, joto ile siyo ya binadamu. Nimepita Rujewa. Ubaruku nimefika mchana. Mashine ya kukoboa inalia, watu wote nyeupe kwa pumba, mpaka mweusi kama mimi nimeona aibu. Nimepewa wali sahani mbili na samaki wa mtoni. Mbu nao wamenila mimi, tumelipana."

Mercy alikuwa ameshikilia mbavu. Na mimi pia. Baba aliaga watu wa Ubaruku mmoja mmoja, akapanda gari, akapita Rujewa, akapita Igawa. Akafika Makambako.

"Makambako nimekunywa chai," akasema. "Nimepita Igawa. Koti nimevua."

"Mume wangu, huko si ulishatoka?" Mercy akamuuliza huku bado anacheka. "Unarudi tena Ubaruku?"

Baba akamtazama, akaendelea. Alifika Ubaruku mara ya pili. Mara hii hapakuwa na samaki, palikuwa na wali na mashine. Akarudi. Alipofika Makambako niliuona mdomo wake unatafuta. Akageuza gari. Mara ya tatu hakuona mtu yeyote njiani, alitaja majina ya vituo tu, polepole, Igawa, Rujewa, Ubaruku, Rujewa, Igawa, na vidole vyake vilikuwa vinapapasa goti kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Mercy akaacha kucheka.

Ndipo nikaelewa mkono wa mama. Jibu halikuwepo. Labda lilikuwepo alipoanza kutega, labda halikuwepo tangu mwanzo, na kila "hapana" aliyotujibu ilikuwa kweli, maana hakuna tulichotaja kilichofanana na kile alichokipoteza. Mama alilijua hilo mwezi mzima. Alikuwa anamzuia asipewe mji, kwa sababu asiyepewa mji hadaiwi jibu. Mimi, mjuaji, mtoto wa mjini, nikampa Ubaruku nzima na sikumpa njia ya kurudi. Nilitaka kusema nimelipata jibu, lolote, lakini kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa, hata jibu la uongo sikulipata.

"Hatujashindwa," mama akasema tena. "Baba Aroni, Bertha ametania. Urudishe huo mji wake."

Baba alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu watu aliokabidhiwa. Kisha uso wake ukalegea, na akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mgeni anayekubali makosa kwenye nyumba ya watu.

"Hii kitendawili yenu ngumu," akasema. "Mimi mzee nimeshindwa. Nawapa mji. Chukueni Iringa. Haya, niambieni. Nani huyo anaingia amesimama?"

Akaegemeza mkono kwenye goti, akatuinamia, akasubiri. Alisubiri kwa imani kabisa, kama mtu aliyelipa na anajua atapewa chake. Viazi vilikuwa vinaungua kwenye majivu na hakuna aliyevigusa. Mercy alikuwa ameficha uso kwenye kanga yangu. Nilitazama mdomo wa mama kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

"Nimekwenda Iringa," mama akaanza. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akisafiri. Safari zilikuwa za baba. "Nimepanda basi Nyololo, nimekaa dirishani."

"Halafu?" baba akasema.

"Nimepita Mafinga. Nimenunua mahindi ya kuchoma."

"Halafu?"

"Nimefika Ipogolo, nimepanda kile kilima cha kuingia mjini." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta, aliendelea kupukuchua na kusema. "Nimefika sokoni. Nimemuuliza mama mmoja wa vikapu, akasema hajui, niulize mbele."

"Uliza mbele," baba akamhimiza, akavuta kigoda karibu naye.

"Ninauliza," mama akasema.