Mbwa Mwenye Kazi

Mume wangu Lusungu aliijua Mabwepande ikiwa pori. Alikuwa kibarua wa wapima viwanja. Yeye ndiye aliyetangulia na panga kufyeka njia, akashika ncha ya utepe, akachimbia bikoni, yale mawe ya saruji yanayoonyesha mpaka wa kiwanja cha mtu. Nyumba nyingi za huku, na mageti yake, zimekaa katikati ya mawe aliyoyachimbia yeye. Sisi wenyewe hatukupata hata kipande. Tumepanga vyumba viwili uani kwa Mzee Sadallah, mwenye duka la vyakula, na mimi nakaanga mihogo pale nje, kwenye kona ya ukuta wake.

Kabla ya kuja Dar, Lusungu alikuwa kijana wa Rungwe, mwindaji. Nguruwe pori walikuwa wakimaliza mahindi ya mama yake, naye na mbwa wake waliwafuata mpaka juu mlimani, kwenye ukungu ambao mtu haoni kiganja chake. Binti yetu Bupe alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa hachoki kumsimulia: "Mimi nilikuwa napotea. Mbwa hapotei. Mbwa mzuri wa kuwinda hasahau kwao."

Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Daktari alisema hauna dawa, akaniambia nimwangalie. Namwangalia. Ila ugonjwa wenyewe ulimrudisha kazini. Akiamka anataka kwenda kukagua bikoni zake. Anaingia viwanja vya watu, anachutama nyuma ya ukuta, anafukuafukua majani kwa mikono akitafuta jiwe. Na mtu mgeni anayechutama nyuma ya ukuta wa watu, huku kwetu ana jina moja tu.

Mara ya kwanza walimfukuza. Mara ya pili alirudishwa na bodaboda, shati limechanika, jicho limevimba mpaka limefumba, na yule dereva akanigombeza mimi.

"Mama, mzee wako mfungie ndani. Nimemtoa mikononi mwa watu mie. Siku nyingine wanamchoma."

Nilijaribu kumfungia. Siku moja tu. Aligonga mlango akiniita askari, akinisihi nimfungulie akamuage mama yake. Mama yake alikufa zamani, Bupe akiwa bado ananyonya. Nilimfungulia, nikakaa chini nikalia, naye akanipita akaenda zake getini. Tangu hapo masikio yangu hayakupumzika. Nikikaanga nasikiliza, nikioga nasikiliza, kanisani namsikiliza yeye kuliko mchungaji.

Wazo la mbwa lilitoka kwa Bupe, ambaye ameolewa Tabata. Alinipigia simu akasema, "Mama, mpatie baba mbwa. Yeye mwenyewe alikuwa anasema mbwa hasahau kwao. Akitoka, si atatoka naye? Na atarudi naye."

Nikaenda kwa mwenye nyumba. Mzee Sadallah ni mtu wa asili ya Kiarabu, babu yake alitokea Kilwa, na ni mtu wa msikitini. Nilimkuta dukani anapima maharage.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Bupe. Hiyo sura yako leo si ya kununua chumvi. Sema."

Nikamweleza. Alimimina maharage kwenye mfuko, akaufunga.

"Mbwa wa kukaa tu, nyumbani kwangu hapana," akasema. "Mbwa wa kulinda, mbwa wa kuwinda, huyo ana kazi yake, na dini imemwachia nafasi. Lakini mbwa wa kubembelezwa kama mtoto, huyo mpeleke Mbezi Beach, wakamwogeshe na shampuu."

"Ni wa kukaa na mzee, lakini."

"Akae naye. Ila awe na kazi. Mama Bupe, mie na majirani zangu nitawaambia nini? Niwaambie anawinda."

Basi nikawa natafuta mbwa wa kumliwaza mtu, awe pia anajua kuwinda.

Tukaenda Boko kwa Revelian, Mhaya anayefuga nguruwe, ambaye mbwa wake jike alikuwa na watoto walioanza kuwa wakubwa. Lusungu nilimshika mkono njia nzima. Alikuwa mpole, hajui tunakwenda wapi.

"Karibuni. Mzee, shikamoo," Revelian akasema. "Mnataka mbwa wa aina gani? Maana hawa wangu hawana vyeti."

"Wa kukaa na mtu," nikasema. "Na awe anaweza kuwinda."

Revelian akacheka. "Mama, wewe unataka yaya na mwanajeshi kwenye ngozi moja. Chagua."

Mimi nilikwisha kuchagua. Kulikuwa na mmoja wa kahawia, mnene, aliyekuja moja kwa moja akalaza kidevu juu ya kandambili za mume wangu, akafumba macho. Lusungu alipojongea, naye alijongea, akalala tena. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Huyu hatakwenda popote, na asipokwenda yeye labda hata mwenzake atakaa.

Lakini Lusungu alikuwa ameinua kichwa. Aliwatazama wale mbwa, akavuta hewa puani kama anayenusa chungu jikoni.

"Kuna kuku amechinjwa hapa?" akauliza.

"Mzee, hata maji hujanywa, unaulizia mapaja?"

"Nataka utumbo wake tu."

Sijui Revelian aliona nini usoni mwake, maana aliacha kucheka, akawafungia mbwa, akaenda kuuleta. Lusungu aliufunga kwa kamba, akauburuta majanini, akauzungusha nyuma ya banda la nguruwe penye harufu inayokata pumzi, akaufukia chini ya kuti kavu kule mbali. Mwezi mzima alikuwa hawezi kufunga kishikizo cha shati. Kamba ile aliifunga bila kuitazama.

"Wafungulie," akasema.

Wa kahawia hakunyanyuka. Wengine walikimbilia bandani wakabweka. Mmoja tu, mwembamba, sikio limekatika ncha, aliinamisha pua chini akapita nyuma ya banda bila hata kugeuza shingo, akaenda mpaka kwenye kuti, akalivuta. Hakubweka. Alikaa akamngoja mtu.

"Huyu," Lusungu akasema. Akamkagua nyayo, akamfungua mdomo, akampulizia puani. "Tutaona. Njoo."

"Mzee, huyo hana jina bado," Revelian akasema.

"Analo. Namjua. Ni wangu."

Tutaona lilikuwa jina la mbwa wake wa Rungwe, aliyekufa kabla sijaolewa.

"Baba Bupe," nikamwambia taratibu, "tumchukue huyu wa kahawia. Ona alivyokupenda."

"Huyo mvivu. Huyo nyumba itaungua amelala." Kisha akanigeukia, akanitazama machoni, akatabasamu. "Mama Bupe, mambo ya mbwa niachie mimi."

Tangu masika yaanze hakuwa ameniita kwa jina langu. Nilikuwa nimekuwa "wewe", nimekuwa "huyu mama", nimekuwa askari. Nikasimama pale kwa Revelian, katikati ya mavi ya nguruwe, nikawa Mama Bupe. Ningemnyima nini?

Revelian alikataa hela, akasema mbwa wa kuwinda akinunuliwa kwa hela hutoroka. Nikampelekea jogoo.

Mzee Sadallah alimpokea mbwa akiwa mbali, kanzu ameikusanya mkononi. "Anawinda?"

"Anawinda, mzee."

"Tutaona."

"Ndiyo jina lake."

Hakucheka. Lakini haikupita wiki mbwa alimtoa panya buku aliyekuwa akitoboa magunia ya unga stoo, mkubwa kama paka. Mzee alimwinua yule panya kwa koleo, akawaonyesha wateja. "Haya. Huyu kijana ana kazi kuliko wajukuu zangu wote."

Mwanzoni nilimshukuru Mungu. Walitoka pamoja, nami nikawafuata kwa mbali. Watu waliacha kumkodolea macho, wakaanza kumwita mzee wa mbwa. Na Tutaona, njaa ikimuuma, aligeuza njia akarudi nyumbani kwenye ugali wake na dagaa, na Lusungu alimfuata. Nilimfunga mbwa kengele shingoni, ile ndogo ya mbuzi, nikaweza kukaa kwenye karai langu. Kengele ikilia uani, wapo. Ikisogea getini, naacha mihogo nakimbia.

Lakini mimi ni mtu wa kuangalia, na niliyaona mengine. Aliacha kuulizia bikoni. Aliacha kumuulizia Bupe. Alianza kuzungumza na mbwa Kinyakyusa, kwa haraka, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, maana nilimkuta mtu mzima. Alimwambia habari za nguruwe waliolala shambani. Siku moja alikataa chai, akasema anamngoja mama yake atoke kuteka maji. Kila siku mbwa alimrudisha nyumbani, na kila siku aliyerudi alikuwa kijana zaidi kidogo kuliko aliyetoka.

Nilimpigia Bupe. "Baba yako anakwenda," nikamwambia.

"Si anarudi, mama?"

Nikakata simu, nikarudi kwenye karai.

Ilikuwa Jumamosi, wateja wengi, mafuta yamechemka. Kengele ilikuwa kimya, nikadhani wamelala. Nilipoingia ndani kuchukua chumvi nikaona kandambili zake mlangoni, na juu ya moja kulikuwa na kengele. Ameifungua shingoni, ameisokotea kitambaa ndani ili isilie. Ndivyo afanyavyo mwindaji, asisikike na mnyama. Nikatazama nyuma ya mlango. Panga lake la zamani halikuwepo.

Nilipiga kelele, Mzee Sadallah akaja anapepesuka. Mtu asiyejulikana, peku, na panga mkononi, kwenye viwanja vya watu. Hapo hakuna atakayeuliza. Mzee alifunga duka, akatoa simu, akaandika kwenye kundi la mtaa kwa kidole kimoja.

"Umeandika nini, mzee?"

"Nimeandika, mzee mwenye mbwa na panga si mwizi. Ni mgonjwa. Ni wa kwangu. Msimguse."

Nilikimbia. Nilipita ukuta kwa ukuta, nikichungulia nyuma kwenye majani. Niliuliza mafundi, niliuliza wauza maji. Mmoja alisema amewaona wakishuka bondeni, mwingine akasema hapana, wameelekea msituni. Ndipo nikasikia sauti za wanaume wengi kwa pamoja: "Mwizi! Mwizi huyo!" Nikazikimbilia. Ilikuwa baa, wanatazama mpira, wanamtukana refa. Mmoja aliniona nimeshikilia nguzo, akasema, "Shangazi, na wewe timu gani?" Wenzake wakacheka. Nami nilikuwa nimeshika kengele kiganjani, nimeibana mpaka imenichora.

Nilirudi kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Karai lilikuwa limepoa, mihogo imelala kwenye mafuta. Niliketi getini chini, kichwa kimefungwa kwa khanga ya kukaangia, nimepakaa vumbi mpaka nyusi. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Mzee Sadallah alikuwa kwenye bomba anatawadha, maana amechelewa kwa ajili yetu.

Mbwa alitangulia. Alitokea kwenye kona ya njia, ulimi nje, miguu myeusi kwa tope la bondeni. Nyuma yake akaja Lusungu, panga kwapani, magoti yamechanwa na miiba, mzima. Hakuna aliyemgusa. Nilitaka kuinuka nimkumbatie, nimpige, sijui. Kabla sijainuka alisimama mbali kidogo na geti, kama anavyosimama kijana aliyefundishwa adabu kwao, akahamisha panga akalificha mgongoni nisiogope.

"Hodi hapa," akasema. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mimi ni mke wake. Nimemzidi yeye kwa kitu gani, hata umri sijamzidi. Nikamtazama usoni, nikitafuta mzaha. Hakukuwa na mzaha. Kulikuwa na kijana aliyechoka, anamwona bibi wa watu amekaa mlangoni kwake.

"Baba Bupe," nikasema.

Aligeuka kutazama nyuma, kuona ninamwita nani.

"Samahani, mama," akasema. "Sisi ni wapita njia. Leo hatukupata kitu. Naomba maji ya mbwa wangu, kisha unielekeze njia ya Rungwe, giza lisitukute."

Nilisikia maji ya bomba yanamwagika bila kutumika. Mzee Sadallah alikuwa amesimama, mikono imelowa, anatutazama. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilijua nikisema mimi ni mkeo, atacheka, au ataogopa, ataondoka na panga lake. Nilijua pia kwamba mgeni akikaribishwa vizuri huingia. Na huyu alikuwa amebakiza hatua moja tu ageuke aende zake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Karibu. Rungwe ni mbali, lala hapa kwanza."

"Ahsante, mama. Nisije nikakusumbua."

"Hunisumbui."

Mbwa hakungoja kukaribishwa. Alipita katikati yetu, akaenda moja kwa moja kwenye sahani yake, akala, akaingia chumbani, akajilaza chini ya kitanda chetu. Lusungu alimtazama akashangaa.

"Msamehe, mama," akaniambia. "Anajifanya kwao."