Chai Kabla ya Kompyuta

Katika ofisi ile ya Ruiru hakuna aliyewasha kompyuta kabla ya chai. Desturi hiyo aliileta Ndila, siku alipofanywa kiongozi wa wale wanaoifundisha mashine kutambua picha. Kutwa walichora mistari kuzunguka vitu vilivyomo pichani: huyu ni mtu, hili ni gari, hii ni damu. Ndila ni mzaliwa wa Ngoliba, ambako mtu akikutana na mwenzake hamwachi aende mpaka ajue kwao wamelalaje. Basi kila asubuhi alifungua chupa ya chai, akajaza vikombe, akauliza swali lake moja.

"Mmelalaje?"

Mezani pale ilikatazwa kujibu "poa."

"Mimi nimelala kama gunia la viazi kwenye lori," Kyengo alizoea kusema. "Jogoo wa jirani hajui saa."

"Oa, utalala," Dianah alimjibu.

"Nioe nani? Wewe na kukoroma kwako? Si afadhali jogoo!"

Wakicheka, Ndila alisikiliza. Mumewe Dianah alikuwa amegongwa na lori pale Witeithie, akafa. Siku Dianah alipoyasema hayo mezani, Ndila hakutoa hotuba, alimwongezea chai tu. Tangu hapo picha za ajali hazikumfikia Dianah. Alipewa mashamba, ng'ombe, mawingu.

"Ukiona mistari imepinda, usiitazame mistari," Ndila alimfundisha msaidizi wake, Mwangangi. "Mtazame aliyeichora."

Mwangangi alikuwa mwepesi wa kuelewa. Ndila alimpokea akiwa hajui hata kushika kazi, akamlea kama mdogo wake. Mama yake Ndila alipofariki, naye akaenda Ngoliba kuzika, chupa ya chai alimwachia Mwangangi.

Aliporudi aliikuta juu ya kabati, kavu. Kompyuta zote zilikuwa zikiwaka. Kiti cha Dianah kilikuwa kitupu, na vingine viwili. Hakuna aliyeinua macho ila Kyengo.

"Pole na msiba, madam."

Madam? Kwa wote pale, tangu mwanzo, alikuwa Mama Mumo.

Mwangangi alikuwa katika chumba cha ndani, nyuma ya meza ya Ndila.

"Pole sana, Mama Mumo. Keti."

Ndila hakuketi. "Dianah yuko wapi?"

"Nilitengeneza programu ya kugawa kazi. Ili hata usipokuwepo, mashine imhurumie mtu vile wewe humhurumia. Kwa hivyo nikaiambia."

"Ukaiambia nini?"

"Yale ya chai."

Ndila aligeuka akakitazama kiti cha Dianah.

"Wakubwa wakaipenda," Mwangangi aliendelea, macho yakiwa dirishani. "Halafu wakauliza ni nani hawezi kufanya picha zote. Mashine ikatoa majina."

"Na wewe ukanyamaza."

"Walikuwa wanatafuta kiongozi mpya. Ningefanyaje?"

"Waliofukuzwa wanajua nani alisema mambo yao?"

Hapo kiti kilizunguka kidogo. "Waliuliza. Nikawaambia mpango ni wako. Kwani si ni wako? Si wewe ulinifundisha?"

Ndila alitoka bila kufunga mlango. Aliichukua chupa yake juu ya kabati, akashika njia ya Thika, hadi Makongeni.

Dianah alikuwa nje ya nyumba akifua. Alimwona mgeni, akapangusa mikono, akaleta kigoda, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha akarudi kwenye karai lake.

"Dianah, si mimi."

"Sawa."

"Ni Mwangangi. Aliyachukua yale ya mezani akayatia kwenye programu."

"Mezani nilisema kwa sababu gani?" Dianah hakupandisha sauti. "Mwangangi nilimjua? Kyengo nilimjua? Nilisema kwa sababu wewe uliuliza. Nilikuwa nimeyafunga vizuri, mimi. Ukaniambia nifungue."

Wote Ndila alikuwa amewafungua kinywa, mmoja mmoja, na hakuwahi kufikiria nani mwingine ameketi pale akisikiliza. Chupa tupu ilimlemea mapajani. Swali lilimtoka lenyewe, kwa mazoea tu.

"Umelalaje, Dianah?"

Dianah alikamua shati, akalikung'uta, akalianika kambani, likaja katikati ya nyuso zao.

"Poa, madam," alisema.