Mafuta ya Nazi kwenye Kabati za Mama Zarina

Ni mimi. Kabati za jikoni za Mama Zarina niliziharibu mimi, na aliyebebeshwa lawama ni wifi yangu. Miezi mitano nilinyamaza. Nichekeni mkitaka, nimestahili.

Tulikuwa tumetoka Mombasa karibuni, tukapanga vyumba viwili Rayners Lane: kimoja changu na mume wangu, kimoja cha dada yake. Jiko tulichangia na mwenye nyumba, Mama Zarina wa Nairobi, aliyetutangulia kuhamia London. Kabati zake za mbao alizipenda kuliko mumewe, na hilo alilisema mumewe akiwa palepale.

Zamu yangu ya usafi ilipofika alinielekeza: "Kitambaa, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kisha kausha. Basi."

Mimi wa Form Four nifundishwe kupangusa? Kwetu mama aling'arisha kabati kwa mafuta ya nazi mpaka unajiona sura. Nikaleta chupa yangu ya mafuta hayo, ninayopaka nywele. Ilikuwa imeganda kwa baridi. Nikaiyeyusha kwenye maji ya moto, na bado sikushtuka. Nikapaka milango yote, ndani na nje, bila uchoyo. Zikameremeta, nikajipongeza kwa chai.

Asubuhi jikoni baridi inauma, mafuta yameganda, na kabati zote nyeupe, kama mchuzi wa mbuzi uliolala. Mama Zarina alipitisha kidole mlangoni, akakitazama.

"Nani kakaanga nini humu?"

Sasa, jana yake wifi alikaanga bhajia. Mdomo wangu huu ukatangulia: "Labda ni moshi wa bhajia."

Wifi akainamia mlango wa kabati, akanusa.

"Basi wewe jiko langu usiliguse tena," Mama Zarina akamwambia wifi. "Kula mkate."

Na yule ni mtu asiyeweza kukaa siku mbili bila kupika. Mwezi haukuisha, akahamia Wembley. Kila Jumapili mume wangu akawa anauliza, "Hivi kweli dada yangu kaondoka kwa sababu ya bhajia?" Nami nikijifanya natafuta chumvi. Mafuta nayo yakanasa vumbi, yakaanza kunuka, nikayasugua majira yote ya baridi bila mtu wa kupiga naye soga.

Mwishowe nikaenda Wembley, nikamweleza wifi yote, koti sijavua. Aliendelea kukata vitunguu.

"Nilijua asubuhi ile ile," akasema. "Kabati zilinukia nywele zako."

"Mbona hukusema, wifi?"

"Nilikungoja useme wewe."

Jioni nikamwambia na Mama Zarina, mume wangu akisikia. Akanipa kitambaa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mafuta ya nazi yaacheni kichwani. Kabati ni maji ya vuguvugu na sabuni, kisha ukaushe. Na ukiharibu, sema kabla kidole cha mwenye nyumba hakijafika mlangoni. Wifi amenisamehe, nakaribishwa kila Jumapili, ila napewa kisu na vitunguu tu. Jiko lake haniachii mpaka leo.