Sampo ya Klachi

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, nina mke na watoto watatu, na gari nililonunua lilikuwa na viti viwili. Sijawahi kulieleza jambo hilo mtu akanielewa. Mke wangu alijaribu wiki nzima, akashindwa, akaacha. Lilikuwa gari la spoti la Kiingereza, jekundu, fupi, limekaa chini hivi kwamba ukiwa ndani unatazamana na magoti ya watu, na paa lake lilikuwa turubai lililovuja upande wa dereva. Meneja wa shamba moja kule Nanyuki alikuwa akirudi kwao na hakutaka kulibeba, akaniuzia kwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Mama mkwe alipoliona aliuliza gunia la viazi litakaa wapi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyeri nzima ilinicheka, na mimi si mtu wa kuchekwa. Wanafunzi walilibandika gari langu jina la Kiatu. Nikawachapa wawili kwa ajili ya jina hilo, jambo ambalo leo naliona aibu, na jina likabaki.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwenye duka la spea chini ya mji, amevaa koti la kijivu la dukani na penseli nyuma ya sikio. Siku ya kwanza alitoka nje, akaomba nifungue boneti, akaitazama injini bila kuigusa kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Halafu akasema gari hilo ni zuri na litanisumbua sana. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kwa miaka minne mzee huyo ndiye aliyeniweka barabarani. Siku hizo spea za kutoka nje zilikuwa adimu, na akipata kitu kinachoweza kunifaa alikificha chini ya kaunta hadi nifike. Pampu ya maji ilipokufa, aliandika barua tatu kwa mkono wake kwenda kwa duka fulani Uingereza, na baada ya miezi minne pampu ikafika, imefungwa ndani ya soksi ya sufu. Hakunidai chochote kwa zile barua. Kitu akikuuzia kikakataa kuingia, ulimrudishia, akakipokea bila kununa. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye mlango wa duka lake kila Jumamosi, tukizungumza habari za magari na za watoto wetu. Sikuwa na rafiki mwingine katika mji ule, kusema kweli. Walimu wenzangu walikuwa watu wa kuchekacheka tu.

Sasa, kazi ya spea ina desturi yake. Spea hainunuliwi kwa jina, maana majina ya vyuma kila fundi ana lake. Unapeleka kile kipande cha zamani kilichoharibika, tunakiita sampo, na muuzaji anakilinganisha na alicho nacho. Yule mzee, kama hakuwa na kitu dukani, alichukua sampo yako, akaifunga kikaratasi chenye jina lako kwa waya, akaitia katika gunia. Kila Alhamisi alipanda basi na gunia lake hadi Nairobi kutafuta. Sampo yako ikishaingia katika gunia lile, wewe ni mteja wake. Huwezi kununua kwingine, kwa sababu huna cha kuonyesha mkononi. Na hakuna mtu aliyekuwa akienda kuomba sampo yake irudishwe. Ukiiomba, umehama, na wote wawili mnajua hivyo.

Halafu mambo yakafunguka. Spea za mtumba zikaanza kuingia kutoka Japani na Dubai kwa makontena, na kontena moja likawekwa Chaka, kando ya soko. Kijana mwenye nalo alimwaga vyuma chini kwenye turubai kama mtu anayeuza vitunguu. Wenye pikapu na malori walikimbilia huko, na sikuwalaumu. Rafu za mzee zilianza kuonyesha mbao. Jumamosi moja, tukinywa chai, aliniambia bila kulalamika kwamba amebaki na wateja watatu wa kununua vitu vipya: lori la misheni, trekta la kiwanda cha kahawa, na mimi. Mmoja akiondoka, alisema, atafunga duka arudi nyumbani Othaya kufuga ng'ombe, na yeye ng'ombe hawapendi. Nilimwambia mimi siendi popote. Nilisema kwa sauti kubwa, tena nilijisikia mtu mwema.

Klachi ikafa mwezi wa saba, katika ule ukungu wa baridi unaokaa Nyeri hadi saa sita mchana. Gari lilikwama nyumbani, na nyumbani kwangu kulikuwa pale pale shuleni, katika nyumba za walimu. Fundi akalitoa lile duara la chuma, ukubwa wa sahani ya chakula, limekwisha kabisa, na mimi nikalipeleka kwa mzee. Alilifunga kikaratasi. Alinitajia bei ya jipya, akiangalia kaunta badala ya kuniangalia mimi. Ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Fundi wangu akanimaliza kabisa. Alisema klachi ya aina fulani ya pikapu ya Kijapani ina ukubwa uleule, ila idadi ya meno ya katikati hutofautiana kutoka moja hadi nyingine, na Chaka ziko tele kwa robo ya bei ile. Ninachohitaji ni kwenda na sampo, tuhesabu meno. Mke wangu alikuwa akimenya viazi na alisikia yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu urafiki wangu na yule mzee ataupika na nini. Nilitaka awe amekosea, nikatafuta kosa lake siku mbili, sikuliona.

Jumanne nikaenda dukani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kiume, kwamba mzee wangu, hali ni ngumu, safari hii niwie radhi. Nilipofika pale kaunta nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba fundi anataka kuiona tena ile sampo, ati kuna kitu hajaelewa.

Mzee hakushtuka. Aliitoa katika gunia. Halafu akachukua kipande cha katoni, akakiweka juu ya kaunta, akalaza klachi juu yake na kuizungushia penseli taratibu, ukingo wa nje kisha tundu la katikati. Akahesabu meno kwa ncha ya msumari, akaandika namba, akahesabu tena kutoka upande wa pili. Nilisimama pale nikimtazama. Ilichukua dakika kumi, na katika kila dakika kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Niliiona kila nafasi ikija na nikaiona ikipita. Nikajiambia hiyo ni desturi yake tu, mzee mwangalifu, hawezi kununua kitu cha bei ile bila kusikia kwangu.

"Rudisha kabla ya Alhamisi," alisema akinipa. "Ukikosa, si neno. Niko na picha yake hapa."

Nikasema sawa. Hadi leo sijui kwa nini nilisema sawa.

Siku iliyofuata, baada ya vipindi, nilikuwa Chaka nimechutama juu ya turubai la yule kijana, nikihesabu meno ya vyuma vya watu wasiojulikana. Ya nane ililingana. Nililipa, sikuomba hata kupunguziwa, na kijana akanitazama kwa mashaka kwa sababu hiyo. Fundi aliiweka Alhamisi mchana. Gari likaondoka laini kuliko siku niliyolinunua. Nilikuwa nimemwomba Mungu, kwa chinichini, kwamba klachi ile iwe mbovu, angalau kidogo. Haikuwa mbovu.

Alhamisi hiyo hiyo basi la Nairobi lilikuwa limepita asubuhi. Nililijua hilo. Nilifundisha sehemu na desimali, nikajikaza kisabuni.

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilienda kwa gari hadi posta ndogo iliyo juu ya shule, si ile ya mjini, nikarudi, nikaliegesha gari mahali pake kando ya nyumba. Sijamaliza hata kuvua koti, nikamwona mzee anaingia lango la shule kwa miguu. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia, na kwapani ana boksi jipya. Kutoka mjini hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima, na wa kupanda. Alinisalimia kwa furaha. Alisema amezunguka Nairobi kutwa nzima na kile kipande cha katoni, maduka kumi na moja, na katika la mwisho, juu kabisa ya rafu, ilikuwepo moja, mpya, ndani ya karatasi yake ya kiwandani. Ameona aniletee mwenyewe kwa sababu fundi lazima amechoka kungoja.

Gari lilikuwa limesimama palepale lilipokuwa limekwama wiki nzima. Hakukuwa na chochote cha kumwonyesha kwamba limesogea. Nilikuwa na uwongo mwingine tayari mdomoni, wa kulipokea boksi kana kwamba gari bado ni bovu, na ungefaa, ila pesa za kuunga mkono uwongo huo nilikuwa nimeziacha Chaka. Mzee akaliweka boksi juu ya boneti ili apumzishe mkono, na kiganja chake akakilaza kando ya boksi. Boneti ilikuwa bado na joto la safari ya posta.

Hakukiondoa kile kiganja. Alikiacha pale, katika baridi ile, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

"Iko moto," alisema.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, Chaka, bei, fundi, hata viazi vya mke wangu, nikiongea haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa. Nikasema nitanunua na hiyo pia, mwisho wa mwezi. Alinisikiliza hadi nikaishiwa na maneno.

"Utaifanyia nini?" aliuliza. "Uweke klachi mbili?" Halafu, kwa upole, kama anayenisaidia hesabu: "Na si ati nitapata mtu mwingine. Kutoka hapa mpaka Meru hakuna gari ingine kama hii."

Nikamuuliza kama watairudisha kule Nairobi. Akasema wale hawarudishiwi kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amepokea kila kitu nilichowahi kumrudishia, kwa miaka minne, na hakunikumbusha. Laiti angenikumbusha.

Niliomba nimpeleke mjini. Nilitarajia akatae, nikaogopa atakubali, na akakubali, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari lile. Alilijua kila chuma chake na hakuwahi kuketi ndani. Alishuka polepole katika kiti, magoti yakapanda karibu na kidevu, akaweka boksi juu ya magoti na kofia juu ya boksi, akavishika vyote kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo. Kengele ya kipindi ilikuwa inalia nikiondoka. Sikujali.

Ile barabara ina vilima vitatu. Kila niliposhika gia, klachi ilipokea bila mshtuko, bila harufu, bila hata ule mlio mdogo wa zamani. Nilijaribu kuendesha vibaya ili isionekane nzuri sana. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilidhani ni upepo, kumbe alikuwa anasikiliza.

"Imeshika vizuri," alisema tulipopanda kilima cha mwisho.

Tukateremka kuelekea mjini, tukapita stendi, tukaingia barabara yake. Nilisimama mbele ya duka, ambalo alikuwa amelifunga kwa kufuli ili aje kwangu. Hakushuka. Aliniuliza ile ya Chaka niliinunua pesa ngapi, hasa hasa, bila kuficha. Nikamtajia. Aliangalia mlango wa duka lake muda kidogo, midomo ikisogea kama anayekokotoa.

"Hata mimi ningenunua huko," alisema.

Alisema kweli, ndiyo shida. Hakuwa ananisamehe wala hakuwa ananipiga kijembe. Alikuwa mfanyabiashara anayekubali hesabu, na hesabu hiyo ilimtoa yeye mwenyewe. Ningeshukuru kama angenitukana mbele ya watu wote wa barabara ile. Ningekuwa na kitu cha kubeba hadi nyumbani.

Akajaribu kutoka, akashindwa. Gari lilikuwa chini mno na yeye hakuwa kijana. Alijaribu tena, akishika mlango kwa mkono mmoja, na boksi likawa linamzuia. Nikazunguka haraka upande wake. Nilimpokea boksi, nikalibana kwapani, nikamshika mikono yote miwili na kumvuta hadi akasimama. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Alivaa kofia, akakung'uta koti, akatoa ufunguo mfukoni, halafu akanyoosha mkono. Boksi lilikuwa bado kwapani mwangu, zito, jipya, na sikuwa na la kufanya nalo ila kumrudishia.