Tumbaku Juu ya Jiwe la Filomeni

Ilikuwa mwaka themanini na sita. La, nakosea, ilikuwa themanini na saba, kwa sababu barafu ya ziwa ilichelewa kuyeyuka nikakwama kambini kwa Filomeni, nikila samaki wake wakavu kana kwamba nimeoa pale.

Filomeni alikuwa mjane, Mdene kama sisi wenyeji wa asili wa kaskazini hii ya barafu. Kila kiangazi alimpokea Warrick, mtaalamu wa miamba kutoka kusini, na alimpenda kama mwanawe. "Wewe mwanangu unakumbatia mawe," alimtania, "ndiyo maana wanawake wanakukimbia."

Warrick alitueleza kwamba ndani ya mwamba wa kale mna chembe za zirkoni, ndogo kuliko mchanga. Urani iliyofungiwa humo hugeuka risasi, ile metali nzito, polepole mno. Ukivipima viwili hivyo, unajua ni lini tumbo la dunia liliyeyuka, uji wake ukapanda, ukaganda.

Basi Filomeni akamwonyesha jiwe lenye mistari ya kijivu, alipozoea kukaa marehemu mama yake akikwangua ngozi. Mgeni mwingine hakuwahi kufikishwa pale. Wakakubaliana: kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi, na asilete watu bila kuuliza. Warrick akaweka tumbaku juu ya jiwe, kama tufanyavyo sote tukichukua kitu cha ardhi. Filomeni akatulia. Kwake yeye, aliyeweka tumbaku ameapa.

Kiangazi kilichofuata tulirudi kutoka kutega nyavu, tukakuta ndege ya kutua majini inaelea ziwani na watu wanakata jiwe kwa msumeno wa mashine. Pale alipokaa mama yake palikuwa pamechimbika. Na kando ya kila mkato palikuwa na tumbaku, imewekwa vizuri kabisa.

Warrick alitujia akitabasamu. Alisema zirkoni zimetoa umri wa karibu miaka bilioni nne, wenzake wakashindwa kungoja.

"Na tumbaku nimeweka, mama. Kila mahali."

"Naiona," Filomeni akasema. "Umelipa kama uko dukani."

Akashusha samaki kutoka vichanjani kabla hawajakauka, akakunja hema, na ufuko ule hakuukanyaga tena mpaka tulipomzika.

Mimi nilimsindikiza Warrick hadi kwenye ndege, maana alikuwa amekula nasi. Alifunga mkanda bila kunitazama. Nikamuuliza kwa upole: ulipokuwa ukiiweka ile tumbaku, kijana wangu, ulikuwa unaongea na nani?